Sifa za Kibali cha Biashara

Wa kucheka wacheke. Mimi nakisifu kibali cha biashara, ile karatasi inayoning'inia juu ya gunia la sukari katika kila duka la Chewele, Tana River, linalomwogopa askari wa kaunti.

Tuanze na nasaba, maana mtukufu huyu hakuokotwa. Sheria ya Leseni za Biashara ilipitishwa 1967, na kwa miaka mingi mfanyabiashara alikatiwa leseni ya hiki na leseni ya kile. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mabaraza ya miji na wilaya yakaambiwa yatoe kibali kimoja tu. Kimoja! Mwenye mkahawa wa pale Bura akishakilipia, ndipo jamaa za kibali hubisha hodi: cheti cha afya cha mpishi, mkaguzi wa jiko, mtu wa zimamoto, risiti ya ushuru wa soko. Kibali hakipendi upweke.

Tena hakina majivuno. Majedwali yake ya zamani hayakumsahau mng'arisha viatu wala muuza peremende wa kando ya barabara, na mchuuzi mwenye gari yalimtenga na mchuuzi wa miguu. Duka dogo lilielezwa kwa upole: wafanyakazi wasiozidi 4, nafasi isiyofika mita 50 za mraba, mahali pa mbali. Hospitali na lami huchelewa kujua kwamba Chewele ni mahali pa mbali. Jedwali la ada lilijua mapema.

Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti leseni za biashara, na sasa ada huandikwa katika Sheria ya Fedha, baada ya wananchi kuulizwa. Hapo pia nasifu. Kiambu walipuuza hilo, na Aprili 2014 Mahakama Kuu ikaifuta sheria yao ya 2013. Kwa hiyo mwananchi huitwa ukumbini, hutia sahihi kwenye daftari la mahudhurio, husema ada iko juu, naye huitikiwa kwa vichwa. Kisha ada huandikwa. Nani tena mjini hukuita umweleze unavyopenda kukamuliwa?

Wapo wanaonung'unika kwamba serikali huchukua tu. Hao hawana shukrani. Novemba 30, 2022 ilizinduliwa Hazina ya Hustler, na mama wa mahamri akabonyeza simu yake, akakopeshwa shilingi 500. Asilimia 5 ilikwenda kwenye akiba yake bila yeye kusumbuliwa, akabaki na 475 mkononi na siku 14 za kurudisha. Hiyo ni serikali ya Nairobi. Kaunti nayo inangoja ada ya kibali. Kwamba 475 hazifiki popote karibu na ada hiyo ni kosa la hesabu, na hesabu haijawahi kuipenda Tana River.

Januari ndipo kibali hung'aa. Karo inadaiwa na sare zimebana, naye anaingia kama mjomba wa mbali, anayejua siku ya kufika lakini si ya kuondoka. Kwa desturi ya mabaraza ya zamani mwaka wake uliisha Desemba 31. Aliyekilipia Septemba alikuwa amekilipia kwa moyo wa hisani.

Lakini sifa yake kubwa ni uvumilivu. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Nino zilifurisha Mto Tana. Watu wa Garsen wakahamia kwenye miinuko na mbuzi wao, maji yakaikata barabara ya Garissa pale Mororo, na malori ya bidhaa yakakwama. Unga ulilowa, sukari ikayeyuka. Kibali, kwa kuwa kilikuwa ndani ya karatasi ya nailoni, kilitoka kikavu, muhuri wake wazi, siku zake zikiendelea kuhesabiwa kama kawaida. Mwenye duka hakuwa na cha kuuza wala pa kuuzia, ila kwa mujibu wa karatasi alikuwa mfanyabiashara kamili mpaka Desemba.