Mwongozo wa Mtafuta Kazi Aliyewahi Kulala Ndani

Mwizi aliyekubuhu asijisumbue kusoma mwongozo huu. Yeye kazi anayo. Unakuhusu wewe uliyebebwa na kanjo, askari wa jiji, ukiuza soksi soko la Muthurwa, Nairobi, bila leseni. Unakuhusu wewe uliyekutwa njiani saa moja na dakika kumi usiku mwaka 2020, wakati kafyu ya korona ilikuwa ikianza saa moja kamili na matatu ya mwisho ilikuwa imejaa. Unakuhusu pia wewe uliyemwambia askari ukweli wako wote baada ya chupa ya tatu, ukaandikiwa ulevi na fujo. Ulikamatwa Ijumaa jioni, ukalala seli hadi Jumatatu, ukapelekwa kortini, na saa nane mchana ulikuwa nyumbani unaoga. Ukadhani yamekwisha.

Somo la kwanza lilikuwa pale kortini na tayari limekupita, lakini tulirudie kwa faida ya wadogo zako. Korti ya makosa madogo asubuhi ya Jumatatu haina muda wa hadithi. Washtakiwa wamebanana kwenye benchi, viatu havina kamba, suruali zimeshikiliwa kwa mkono kwa sababu mikanda ilibaki kwenye dawati la stesheni. Karani anasoma shtaka kwa Kiingereza, analitafsiri kwa Kiswahili cha mbio, kisha anauliza: ni kweli ama si kweli? Kabla hujafungua mdomo, jirani yako wa kushoto, mzoefu wa benchi lile, anakunong'oneza: "Buda, sema ni kweli uende nyumbani."

Ushauri huo hutolewa bure, na ni wa busara kabisa kwa mtu ambaye hana mpango wa kuajiriwa. Ukisema si kweli, utapewa tarehe na masharti ya dhamana, na mara nyingi dhamana huishinda faini kwa mbali. Ukisema ni kweli, hakimu anatamka: elfu mbili ama mwezi mmoja. Shemeji anakimbia kulipa, risiti inatoka, nawe unatoka. Hakuna aliyekuambia kwamba kifungu cha 35 cha Sheria ya Adhabu kinamruhusu hakimu, hata akiona kosa limethibitika, akuachilie bila adhabu, moja kwa moja au kwa masharti. Wakili angekuambia, lakini wakili hukuwa naye. Ulikuwa na jirani wa kushoto. Na rufaa usiiwazie sana. Una siku 14, na aliyekiri mwenyewe hawezi kupinga kutiwa hatiani. Anachoweza kulalamikia ni adhabu tu, ambayo shemeji ameshailipa.

Basi miezi inapita, au miaka, na siku moja unaona tangazo la kazi. Chini kabisa, baada ya vyeti vya shule na barua ya mdhamini, limeandikwa hitaji la Cheti cha Tabia Njema.

Jina lisikutishe, maana tabia yako haina mtu wa kuichunguza. Unaweza kuwa mtu wa kukopa kwa shangazi kisha unazima simu, mtu wa kuahidi harambee elfu tano na kutoa mia mbili, na cheti kikatoka hakina doa. Kinachochunguzwa ni vidole. Unaingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unajaza, unalipa shilingi 1,050 kwa M-Pesa, kisha unachapisha fomu ya alama za vidole iitwayo C24. Hapa msomaji awe macho: C24 inatakiwa iwe karatasi moja, mbele na nyuma. Kijana wa saiba atakutolea karatasi mbili, kwa moyo mkunjufu na kwa bei ya karatasi mbili. Utapanga foleni Huduma Centre tangu alfajiri, na ukifika mbele afisa ataisukuma fomu yako bila kuinua uso. "Rudi ichapwe mbele na nyuma." Usibishane naye. Kubishana na afisa ndiko kulikokufikisha hapa.

Ukirudi, mkono wako unakuwa mali ya serikali kwa dakika chache. Afisa anakishika kidole kimoja kimoja, anakipaka wino, anakiviringisha kwenye kisanduku chake kutoka ukingo huu wa ukucha hadi ule mwingine. "Legeza mkono. Usinisaidie." Kila anayepanga foleni hujaribu kusaidia, na kila anayesaidia huharibu kidole. Kisha vinne kwa pamoja, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, halafu unapewa kipande cha tishu kisichotosha kidole gumba. Utawaona watu nje wakipokea simu kwa viwiko. Wengi wao ndiyo mara yao ya kwanza. Wewe na wino mnajuana, mlikutana stesheni, na kumbukumbu za mkutano ule zimehifadhiwa na idara ya upelelezi, DCI, vizuri kuliko serikali inavyohifadhi faili za mashamba.

Siku za kusubiri nazo zina maumivu yake ya kisheria. Zamani waajiri walikuwa wakidai cheti hiki, pamoja na vile vya KRA (kodi), HELB (mkopo wa masomo) na CRB (madeni), hata kabla ya kukuita kwa mahojiano. Kijana asiye na kazi akawa anatumia maelfu kuthibitisha kwamba anastahili kutokuwa na kazi. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ikarekebishwa: mwajiri asidai vyeti hivyo mpaka awe anakusudia kuingia nawe mkataba. Ni sheria ya huruma, nami naiunga mkono. Ila kwako wewe matokeo yake ni kwamba zamani ulikataliwa mapema na mgeni, na sasa unakataliwa mwishoni na mtu aliyekwisha kukuonyesha dawati lako. Mama naye ameshawaambia wenzake wa chama.

Kuna waajiri wanaokuletea fomu yenye swali: umewahi kupatikana na hatia yoyote? Ndiyo, hapana, na chini yake mstari mmoja: kama ndiyo, eleza. Mstari wenyewe unatosha kuandika jina la kijiji chako. Mabingwa wa fani hii wamegawanyika. Wapo wanaoandika "hapana", nao huishi kwa amani hadi cheti kitoke, ambapo kosa la soksi hugeuka kuwa kosa la uongo, na la uongo halina shemeji wa kulilipia. Wapo wanaoandika "ndiyo" na kukaza maelezo yote kwenye mstari, yakageukia pembeni na kupanda juu ya fomu, mpaka madam wa HR analazimika kuizungusha karatasi kusoma habari za matatu iliyojaa. Mimi ningeandika: "Faini ya kuuza soksi bila leseni, imelipwa, risiti ninayo." Maneno machache, na neno risiti lina uzito wa ajabu nchini Kenya. Haimaanishi utaajiriwa.

Na mabroka? Watakufuata hadi getini, mmoja atakuambia ana mtu ndani anayeweza kusafisha jina. Mwulize swali moja tu: kwa nini yeye mwenyewe anasimama juani badala ya kuajiriwa? Kughushi hati adhabu yake inafika miaka mitatu. Utakuwa umeuza kosa dogo na kununua kubwa, tena kwa pesa taslimu.

Sasa tuangalie soko. Walimu wanahitaji cheti ili wasajiliwe na Tume yao. Dereva wa matatu anakihitaji, wa teksi ya programu anakihitaji, dada anayekwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia anakihitaji, mlinzi wa usiku pia. Mlinzi ndiye anayenishangaza. Mtu aliyekwisha kulala ndani siku tatu na asiibe hata ndoo ya seli ana uzoefu wa usiku mrefu ambao hakuna chuo kinachoutoa.

Kazi zisizouliza zipo. Mjengo hawaulizi, fundi anatazama mabega. Mkokoteni hauulizi. Jamaa nao, wakishachoka kukuona sebuleni, watakupa ule ushauri wa kizalendo: "Kijana, jiajiri." Wasikilize kwa heshima, na usiwakumbushe kwamba kujiajiri ndilo kosa lililoandikwa kwenye cheti. Mtaji upo: Hustler Fund, mikopo ya serikali iliyozinduliwa Novemba 2022, haikuulizi habari za vidole. Itakuanzia na shilingi 500 au zaidi kidogo. Zikiwa ni hizo 500, unapata soksi jozi kadhaa, leseni hupati, na kanjo ni wale wale.

Ukitaka wa kumlaumu, historia inakupa majina. Waingereza walitunga sheria ya wazururaji mwaka 1824 ili maskini wasionekane mitaani kwao, kisha mbegu yake ikapandwa kwenye makoloni; Sheria ya Adhabu ya Kenya ni ya mwaka 1930, na kifungu chake kuhusu watu wavivu na wenye fujo kina harufu ya London ya makaa. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo haziendani na Mkataba wa Afrika. Na Waingereza wenyewe? Mwaka 1974 walijitungia sheria ya kuzifanya hatia ndogo zisahaulike baada ya muda, aliyetulia asiulizwe tena. Bendera yao hapa ilikuwa imeshushwa miaka 11 kabla. Walituachia kosa, dawa wakaigundua wakiwa wameshafika kwao.

Imebaki nafasi moja, nayo haitangazwi magazetini. Ibara ya 99 ya Katiba humzuia kugombea ubunge mtu anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, na hata huyo hazuiwi mpaka njia zote za rufaa zimalizike. Mwaka 2013 rais na naibu wake waliapishwa wakiwa na mashtaka The Hague, kesi ambazo baadaye zilianguka, ya mmoja 2014 na ya mwingine 2016. Elfu mbili zako za soksi haziko hata karibu na mstari huo. Kwa rekodi uliyo nayo, kumwendesha mbunge kwenye teksi ni shida, lakini kuwa mbunge mwenyewe Katiba haikukatazi. Uchaguzi ni Agosti 2027. Anza kuhudhuria matanga sasa, ukae viti vya mbele, na ukipewa kipaza sauti usitaje soksi.