Heko, Mita ya Tokeni

Kule Lavington kuna nyumba ambazo taa huzimwa kwa simu. Mwenyewe yuko Mombasa, anabonyeza, sebule inaingia giza. Huku Kawangware, jirani kabisa, hatubonyezi chochote: taa hujizima zenyewe saa mbili usiku, ugali ukiwa bado mbichi kwenye koili. Sasa niambieni nani ameendelea.

Naisifu mita ya tokeni. Haijui undugu wala siku ya sikukuu. Ukinunua tokeni ya shilingi mia, kwanza hushuka VAT, gharama ya mafuta na ule ushuru wa kupeleka umeme mashambani, kisha ndipo unapata yako. Yaani mama mboga wa Laini Saba, mwenye balbu moja, anachangia nguzo za kijijini. Uzalendo wa aina hiyo hauhubiriwi, unakatwa.

Tena inajenga ujirani. Ploti ikiwa na mita moja na vyumba kumi, lazima mchange, na kuchanga huzaa upelelezi: nani ana pasi, nani huchemsha maji ya kuoga wenzake wakiwa wamelala, redio ya nani haipumziki. Sijaona chama cha wapangaji kinachokutana mara nyingi kuliko kile kinachoitishwa na giza.

Lakini utukufu wake ulidhihirika mwaka 2024. Kila tokeni hubeba muhuri wa wakati, unaohesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Mfumo huo wa tokeni ulizaliwa Afrika Kusini, ukatengewa nafasi ya dakika 16,777,216, basi. Tarehe 24 Novemba 2024 dakika zikaisha, kwetu na kwa kila nchi inayoutumia. Ili hesabu ianze upya, kabla ya siku hiyo ilibidi ufunguo wa siri ubadilishwe ndani ya kila mita, na mita yenyewe haina mtandao wa kupokea maagizo. Tajiri akihamishia nyumba yake kwenye kidhibiti kipya huita fundi mwenye kompyuta. Sisi tuliita mtoto wa gredi ya nne.

Uliponunua tokeni wakati huo, Kenya Power ilikutumia mafungu matatu, kila moja tarakimu 20: mawili ya kubadili ufunguo, la tatu ndilo la stima yenyewe. Jumla 60, na simu inakaribia kuzima kwa sababu pa kuichajia hapana. Mtoto anasoma, baba anabonyeza, jirani anasahihisha bila kuombwa. Ukikosea ya 19, fungu zima linakataliwa, mnaanza tena. Na yule mjanja aliyenunua tokeni mapema akazihifadhi kwenye simu bila kuziingiza? Ufunguo ulipobadilika, akiba yake ikageuka kuwa namba tupu. Mita haina kumbukumbu ya fadhila.

Mtu wa Kibera ataniambia kwamba sambaza, umeme wa kuunganishiwa kinyemela, haikumdai hata tarakimu moja Novemba ile. Waya unapita juu ya mabati, kijana anakuja kuchukua hela zake, risiti hakuna, ufunguo hauna haja ya kubadilishwa. Kweli. Ila nyaya hizo zimeua watu na kuteketeza nyumba, na hapo mzaha wangu unakoma. Ubishi wa mita haujamuunguza mtu. Umemlaza tu gizani, akiwa hai, akihesabu madeni.

Wale wanaoiita sanduku la dhuluma hawajaitazama vizuri. Haina saa, ilhali ndiyo iliyolazimisha mashirika ya umeme ya nchi nyingi kuhesabu dakika. Bwana wa Lavington na mpangaji wa Gatwekera, kila mmoja kwa mita yake, walibonyeza tarakimu sitini sawa. Yeye huenda alimtuma askari wa geti, lakini zilibonyezwa.

Hesabu mpya sasa inaanzia mwaka 2014, kwa hiyo nafasi ile ile ya dakika itatufikisha mwishoni mwa 2045. Yule mtoto wa gredi ya nne atakuwa amepita miaka thelathini, pengine na ploti yake mwenyewe, wapangaji wakimgongea mlango usiku kumuuliza hizi namba zinaanzia wapi.