Mpishi wa Sultani Hana Nyanya

Sultani hajawahi kunipa shida. Jina lake lipo, al-Hasan bin Sulaiman. Lakabu yake ipo, Abu al-Mawahib, aliyoipata kwa kuwa na mkono wazi. Magofu ya kasri lake la Husuni Kubwa yapo hadi leo Kilwa Kisiwani, na birika lake la pembe nane. Hata mgeni aliyemfikia mwaka 1331, Ibn Battuta, alituachia masimulizi ya safari yake. Sultani nimeshammaliza. Aliyenikondesha ni mpishi wake.

Ninatunga riwaya za kihistoria. Ni kazi ambayo ukiitaja mbele ya karani mwenye fomu, hutikisa kichwa kwa heshima kisha huuliza, "Sawa, na kazi?" Mama aliwaambia majirani kwamba mwanawe anaandika mambo ya marehemu, basi jioni moja akanijia bibi mmoja na bahasha ya hati za shamba, anataka nimsaidie mirathi dhidi ya shemeji zake. Nilimsikiliza mpaka mwisho, maana kisa chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Na tangu Abdulrazak Gurnah apewe Tuzo ya Nobel mwaka 2021, nikimwamkia mjomba shikamoo, haitikii marahaba. Hunijibu, "Mwenzio wa Unguja keshapata. Wewe lini?"

Turudi jikoni. Mpishi nimempa jina la Kombo na kumkabidhi karamu ya kumkirimu huyo mgeni kutoka Moroko. Kila akifunika chungu, mimi nafunua na kutoa kitu. Anataka kusonga ugali wa sembe: mahindi hayajafika. Anageukia muhogo: nao bado. Kachumbari? Nyanya haipo. Basi hata pilipili, ile ya kuwasha, atupie moja tu mchuzini? Hakuna. Karanga, maharage, nanasi, papai, mapera, vyote viko Amerika, na Columbus hatang'oa nanga mpaka mwaka 1492. Mgeni ameshanawa mikono, hawezi kungoja miaka mia moja na sitini. Lililoniuma zaidi ni korosho. Ukipanda basi la Kilwa pale Mbagala Rangi Tatu, hujafika mbali unaanza kuiona mikorosho, hasa Mkuranga. Mkorosho nao tuliletewa na Wareno, kwa hiyo ikanibidi niufyeke wote kwa kalamu.

Kombo amebaki na wali, mtama, kunde, samaki, nazi, ndizi, samli na tangawizi. Si haba, mtu wa pwani mwenye samaki na nazi hajafilisika. Lakini jaribu kumwandalia msomaji wa Tanga karamu ya kifalme yenye mchuzi usiowasha, uone barua utakazoletewa.

Nikamwacha Kombo akune nazi, nikahamia barazani kwa wazee wawili wanaokula njama. Huko ndiko nilikokwama kabisa. Vitabu vinakwambia nani alimrithi nani, lakini havikwambii watu walishika nini mkononi wakati wanapanga kumrithi. Wazee wangu hawana kahawa, kwa kuwa unywaji wake ulishamiri Yemen karne ya 15. Chai ndiyo kabisa. Sigara hakuna, tumbaku nayo ni ya huko huko kwa Columbus. Saa ya kutazama kwa wasiwasi haipo; muda wao ni adhana na kupwa na kujaa kwa maji. Watu wazima wawili wamekaa, mikono mapajani, wanatazamana. Hiyo si njama, hiyo ni foleni ya zahanati.

Tambuu ikaniokoa. Ibn Battuta mwenyewe alikaribishwa Mogadishu kwa tambuu na popoo, basi nikawagawia wazee wangu. Raha niliyoipata! Mtu akitaka kufikiri, anatafuna. Akikasirika, anatema. Akidanganya, anakunja jani jingine. Nilinogewa mpaka mhariri akanirudishia mswada ameandika pembeni, kwa wino mwekundu kama mate yenyewe: "Mbona Kilwa nzima inatema?"

Ibn Battuta ana maelezo mazuri ya mlo wa Mogadishu: wali wa samli, vitoweo, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando yenye achari ya ndimu, tangawizi na maembe. Nikaamua kuzipika hizo ndizi mwenyewe, kwani Kombo atazishikaje kama mimi sijui zinavyoshikika? Jumamosi nikawasha jiko la mkaa uani. Kumenya ndizi mbichi bila kujipaka mafuta mikononi ni kujitakia. Utomvu ulinigandia vidoleni, ukageuka mweusi, na sabuni haikufua dafu. Maziwa yakafura, yakamwagikia mkaa, uani kukanuka manyoya ya kuungua. Niliyoyaokoa yalikatika: madonge huku, maji ya rangi ya kijivu huku, na ndizi katikati zimejikaza kama vigogo.

Mwanangu wa mwisho alichungulia sahani, akauliza, "Baba, imeharibika au ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo ilivyokuwa," nikamjibu.

Mke wangu, kwa hisani, alitafuna kipande kimoja muda mrefu sana. "Baba watoto, huyo Ibn Battuta alikaa Mogadishu muda gani?"

"Siku chache tu."

"Unaona."

Nikajitetea kwamba msafiri yule kaandika kuwa mtu mmoja wa Mogadishu hula chakula cha kundi zima la wenzake yeye. "Basi wapelekee," akasema, akaingia ndani kukaanga mayai kwa kitunguu na nyanya. Harufu ya zile nyanya ilipotufikia uani, nilimwonea Kombo huruma ya kweli.

Kisha kuna balaa la ukweli usioaminika. Ibn Battuta anasimulia kwamba sultani wa Kilwa alipotoka msikitini siku ya Ijumaa, fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa, mwilini pale pale. Sultani akarudi ndani, akavaa nyingine, akampa. Nikaitia riwayani kama ilivyo. Mhariri: "Umezidisha chumvi." Kule kutema kwa hasira, nilikokutunga mimi mwenyewe usiku umeme umekatika, akakupigia vema. Nikawaza kuhusu zile sarafu za shaba za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa cha kaskazini mwa Australia. Ni kisa kitamu, na sikukitunga mimi. Ningekiandika, mswada usingerudi kwa wino mwekundu, ungerudi na mapolisi.

Jalada silo langu, nasema mapema. Mchoraji alisoma kurasa mbili au tatu hivi, akaona neno "mwambao," akachora mwanamke ameegemea mlingoti wa dau, amejifunga kanga nzuri mno. Kanga ni vazi la karne ya 19. Hii ya kwake ilikuwa na jina kabisa, limeandikwa kwa herufi kubwa, la kumsuta jirani. Nilipolalamika nikaambiwa vitabu vyenye kanga vinauzika.

Vinauzika wapi, sijui, maana ndugu zangu hawanunui, wanagawiwa. Mrabaha wenyewe ukija ni wa kununulia vocha. Ndipo nilipomwelewa Daud, ndugu yake sultani, aliyetawala baada yake. Kwa masimulizi ya Ibn Battuta, ombaomba wakimjia, Daud aliwajibu kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa. Niliposoma habari zake mara ya kwanza nilimfanya mhusika mwovu. Wiki ile kitabu kilipotoka, binamu yangu alipiga simu.

"Kaka, hongera sana! Niwekee nakala mbili, moja yangu, moja ya bosi wangu."

"Umewahi kusikia habari za Daud?"

"Daud yupi, wa vipuri pale Kariakoo?"

Nikamwambia mtoaji amefariki, duka la vitabu lipo wazi mpaka jioni. Akanyamaza kidogo, akanipa pole ya msiba, kisha akauliza kama angalau ningemtumia picha ya jalada, maana amesikia kuna kanga nzuri na mkewe anaitafuta doti yake.