Ushauri Baada ya Zege

Mwenye nyumba wa Dar es Salaam humwita msanifu majengo zege likishakauka, amweleze jinsi ya kuipoza nyumba. Madirisha mapana ya vioo yametazama magharibi, jua la saa kumi linaingia bila kupiga hodi, na chini ya bati hakuna hata tundu la kutolea joto. Atasema ushauri ni ghali. Sawa, ila msanifu hulipwa mara moja, basi. Viyoyozi vinne atakavyofunga vinadai pesa ya umeme kila mwezi. Wengine hudai mababu walijenga bila wataalamu. Kumbe kuta nene za matumbawe na nyua za ndani kule Lamu zilijijenga zenyewe? Mafundi wale walijua upepo unatokea wapi. Huyu mwenye nyumba wetu, kabla ya msingi, alishajua rangi ya geti.