Shangazi wa Nyamirambo Anajibu: Nimepungua, Jirani Wamenizika

Wiki hii barua karibu zote zinahusu kilo. Kigali imeanza kupungua, na wasiopungua hawajapenda.

*Shikamoo Shangazi. Mwaka jana nilipimwa, presha ikawa 150 kwa 95, na sukari ilikuwa mpakani. Nikaacha Fanta, nikaacha teksi za pikipiki, nikawa napanda kilima kwa miguu. Nimepungua kilo 13. Sasa nikiingia ofisini mazungumzo yanakatika. Jirani ameniletea ndoo ya ikivuguto, akanishika mkono: "Usikate tamaa, siku hizi dawa zipo." Nimjibuje?*
*Mzima wa Afya, Kacyiru*

Marahaba mwanangu. Kwanza, ikivuguto kunywa. Mtindi usio na sukari haujamkosea mtu.

Pili, msamehe jirani, maana anakutazama kwa macho ya zamani. Mwaka 1983 madaktari waliwatambua wagonjwa 26 wenye UKIMWI au dalili zake za awali hapa hapa Kigali. Huko Rakai na Masaka, Uganda, ugonjwa huo ukaitwa Slim. Waliokuwa watu wazima enzi zile walizika ndugu na jirani, na wengi wa marehemu walianza kwa kukonda. Hofu ya namna hiyo haiondoki kwa semina moja.

Lakini dunia imegeuka. Mwaka 2023 UNAIDS iliitaja Rwanda kati ya nchi zilizofikia lengo la 95-95-95: kupima, kutibu na kudhibiti virusi. Anayemeza dawa zake vizuri huenda ana mashavu kukushinda wewe.

Kwa hiyo usisimame korido kuapa kwamba "mimi sinao." Ukiapa hivyo unamtukana mwenzako anayeishi na virusi na anayekusikia kimya. Sema tu: "Ahsante dada, mimi naishusha presha. Yako ikoje?" Utaona mazungumzo yanavyohamia kwake.

*Shangazi, mume wangu alikuwa na kitambi cha heshima. Kimeondoka. Sasa mama mkwe ananiuliza kama nyumbani kwangu gesi imekwisha.*
*Mke Anayepika, Gikondo*

Pole mwanangu. Kitambi kimekuwa cheti cha ndoa, na wewe umenyang'anywa cheti. Ila cheti chenyewe ni cha kughushi. Mafuta ya tumboni hukaa ndani, yakizunguka ini na utumbo, na hufanya mwili usiitikie vizuri insulini. Sukari hupanda, presha nayo hufuata. Ndiyo maana wataalamu huchukua futi ya fundi cherehani: mwanamume akizidi sentimita 94 kiunoni, mwanamke 80, ni onyo.

Mkwe haelezwi na mke wa mtu, anaelezwa na mwanawe. Mumeo ndiye aende akamwambie: "Mama, mke wangu ananipikia; nilichoacha ni melanji ya mchana." Sote tunaijua melanji: wali, ndizi, viazi, muhogo na tambi kwenye sahani moja, na kwa kuwa unapakua mara moja tu, unapakua kama anayehama nyumba. Kisha mkaribishe mama chakula: dodo (mchicha), maharage, samaki, na ugali wa kiasi. Akishiba, kesi imefungwa.

*Shangazi, harusi ya kaka ni baada ya wiki mbili. Nataka kutoa kilo 10. Kuna chai inauzwa WhatsApp.*
*Mwenye Haraka, Remera*

Chai hiyo itakutoa mbio, lakini za kwenda chooni. Utapoteza maji, utayarudisha kwa glasi mbili. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulifuata watu waliokaribia kisukari. Waliopewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, kama kutembea haraka, walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58. Iliwachukua miezi na miaka. Gauni mpelekee fundi alipanue, na kutembea uanze kesho.

*Shangazi, mimi sijafanya lolote na nguo zinanipwaya. Kila mtu ananisifu. Kiu tu ndiyo haiishi, na usiku naamka kukojoa mara kwa mara. Nitunze vipi umbo hili?*
*Niliyependeza, Kimisagara*

Mwanangu, hapa sitanii. Usiwashukuru wanaokusifu. Kukonda bila kutaka, pamoja na kiu na mkojo mwingi, ni dalili za kisukari. Hata kifua kikuu hukondesha. Ukimaliza kusoma hapa, nenda kituo cha afya kwa bima yako ya afya, mituweli. Sukari ya kabla ya kula ikifika 126 mg/dL na ikathibitishwa, huo ni ugonjwa, na una dawa.

Wasomaji wangu, tazameni: wa Kacyiru anajitunza na analiliwa, wa Kimisagara huenda anaumwa na anapigiwa makofi. Macho ya mtaa hayajui kupima. Tangu Mei 2016 mji wetu una Jumapili ya bila magari, siku hizi mara mbili kwa mwezi, na hapo hupimwa presha na sukari bila malipo. Nendeni mkapimwe, na jirani mwenye ndoo ya ikivuguto mwende naye.