Niwekee na Inkonviniensi

Mwaka 1955, mwandishi J.R.R. Tolkien alitoa mhadhara Oxford akadai kwamba maneno "cellar door", ukisahau maana yake na kuyasikiliza tu, ni matamu kuliko hata "beautiful" lenyewe. Ni mlango wa stoo ya chini ya ardhi. Huku Kibera, ambako nyumba ya kawaida ni chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, stoo hiyo hatuna. Ingekuwapo, mwenye nyumba angekuwa ameshaipangisha.

Lakini mzee huyo tunamwelewa sana. Hata chumba chenyewe hatukiiti chumba. Tunakiita teni-bai-teni, na papo hapo mabati na matope yanasikika kama mradi wa serikali.

Kuanzia Olympic hadi Laini Saba, na ukivuka ukashukia Foti-Siksi kule Kawangware, Kiingereza hupendwa kwa mlio kwanza; maana itakuja ikipata nauli. Kinyozi mwenye kiti kimoja na kioo chenye ufa ni "Executive". Duka la unga na mkaa ni "Enterprises", kwa wingi, ingawa mwenyewe yuko peke yake na paka. Pale soko la Toi, mtumba wa chaguo la kwanza huitwa "kamera". Na neno lazima liwe refu. "Cup" ni la kunywea chai tu, lakini "nevertheless" unaweza kusimama nalo kwenye harambee ukapigiwa makofi kabla hujatoa hata shilingi.

Shule ilichangia. Tangu mtihani wa KCPE uanze mwaka 1985 hadi ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, watoto walitembea na vijidaftari vya msamiati mzito. Mbuzi akiingia darasani, mtoto hakuandika kwamba kulikuwa na kelele, aliandika "pandemonium". John Milton alilibuni neno hilo mwaka 1667 liwe jina la makao makuu ya mashetani. Kwetu lilimtosha mbuzi, na alama zikapatikana.

Ndiyo maana sikushangaa mama mboga wetu wa Gatwekera alipopata lake.

"Kastoma, sukuma ya ishirini hii hapa, na nimekuwekea inkonviniensi," aliniambia, akitupia vijiti viwili vya dania.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Ni kitu kikubwa. Stima ikipotea, redioni lazima waitaje."

Nilifungua kinywa nimweleze, nikaitazama ile dania, nikakifunga.

Neno lilishika njia. Muuza omena akaanza kuongeza inkonviniensi ya kiganja. Wa mandazi naye, ukinunua matano, alikupa la sita lililoungua, akisema hilo ni inkonviniensi, halirudishwi. Watoto wakitumwa dukani walikumbushwa wasirudi bila hiyo.

Kisha mwenye nyumba akabandika tangazo kwenye lango la ploti: bomba linatengenezwa, Jumamosi hakuna maji, "inconvenience is highly regretted".

Jumamosi alfajiri, mlango wa keateka, msimamizi wa ploti, ulikuwa na foleni ya mitungi hadi kwenye mtaro.

"Keateka, tumekuja kuchukua inkonviniensi."

"Inkonviniensi gani?"

"Si mmeandika wenyewe? Na ni hailii!"

Keateka, kijana wa watu aliyetoka usingizini, alijaribu kuwafafanulia kwamba hapo pana "regretted", yaani wanasikitika. Shosho mmoja akamkata maneno.

"Mjukuu wangu, hiyo rigretedi baki nayo. Sisi tumefuata ile ya kwanza."

Keateka akampigia simu mwenye nyumba. Sijui alimwambia nini, maana sufuria zilikuwa zimeanza kugongwa, lakini mwenye nyumba alizisikia vizuri kuliko maelezo. Kufikia saa tatu, mkokoteni wa maji ulikuwa umefika, na kila mlango ukapata mtungi wa lita 20 bila malipo. Mama mboga alipokea wake kwa heshima ya mtu anayelipwa haki za utunzi.

Juzi bomba liliharibika tena. Safari hii tangazo lina maneno mawili tu ya Kiswahili sanifu: "Maji hakuna." Wapangaji tulilisoma mara mbili, tukageuza karatasi kuangalia nyuma, tukakubaliana kwamba mwenye nyumba huyu siku hizi amekuwa mchoyo.