Kabati Lililoshiba Mawese

Picha ilitoka Dar es Salaam. Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, alilipiga picha jiko la rafiki yake akaituma saa tatu usiku, saa ambayo mtandao wa kwetu Ilagala hukubali kufanya kazi. Makabati meupe pe, vishikio vya dhahabu, meza inang'aa kama kipara cha mwenyekiti. Niliikuza picha nikatafuta sufuria. Hakuna. Mwiko hakuna. Hata nzi hakuna. Nikauliza, hivi hawa humu wanapika nini? Sikujibiwa. Nikaelewa kwamba nimeshapangiwa kazi ya kupaka rangi.

Kabati letu ni la mninga. Fundi alilichonga mwaka tuliooana, na tangu siku hiyo limesimama hatua mbili kutoka mafigani. Mtu wa huku haelezwi maana yake. Kwetu mawese si kiungo, ni hali ya hewa. Maharage ni mawese, kisamvu ni mawese, migebuka ni mawese, na kila yakichemka mvuke unapanda, unazunguka dari, mwisho unachoka na kutua kabatini. Miaka 23 unatua. Ukiliegemea kabati lile ukiwa na shati jeupe, unaondoka na shati la rangi mbili.

Alipita fundi anayeandika majina kwenye mitumbwi. Akaugusa mlango kwa kidole, akakinusa kidole, akasema, "Mwalimu, hapa rangi haikai. Osha kwanza, piga msasa, paka andakoti, ndipo uje kwenye rangi." Sasa mimi nimefundisha sayansi darasa la 5 mpaka nikastaafu. Nimewachorea watoto wa watu ubaoni kwamba maji na mafuta hayachangamani. Lakini kopo nililonunua Kigoma mjini limeandikwa rangi ya mafuta. Mafuta kwa mafuta yatagombania nini? Nikaona fundi anajitafutia siku za kibarua. Nikampa soda, tukaagana, brashi nikaishika mwenyewe. Bei ya rangi siitaji, maana mama watoto husoma safu hii.

Vyombo vyote vikahamia sebuleni. Tukawa tunakunywa chai katikati ya masufuria kama wachuuzi wa mnadani, na kuku mmoja akaamua kwamba beseni la kukandia unga ni lake, akataga. Siku ya pili kabati lilikuwa jeupe. Nilizunguka mara tatu kulitazama, nikajiuliza kwa nini nilipoteza miaka yangu kwenye chaki.

Siku ya tatu asubuhi mlango wa kushoto ulikuwa na ramani ya manjano inayojitokeza kutoka ndani, kama jasho kwenye kanzu. Mchana nikaona kiganda cha rangi kimejikunja karibu na kishikio. Nikakivuta kidogo tu. Kikaja chote, kipana kama karatasi ya kufunikia daftari, na chini yake mninga ule ule, umenona, unang'aa kama mtoto aliyetoka kuoga.

Hapo ndipo nilipoikumbuka meli ya Liemba. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, wakaifungua vipande vipande, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, wakaiunga upya. Julai 1916 vita vilipowaelemea waliizamisha kwa mikono yao wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, yaani huku huku kwetu. Ila kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka mashine grisi nene. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 mashine zilikuwa bado nzima, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Miaka yote hiyo Ziwa Tanganyika zima linasukuma, na grisi haikuruhusu maji. Mimi nikadhani nitapenya kwa brashi ya inchi mbili.

Fundi alirudi. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuja na ndoo, steliwaya na vipande vya sabuni ya mche, ile inayochemshwa kwa mawese na kostiki. Nikamuuliza kama kweli kuna akili katika kuyatoa mawese kwa mawese. "Mwalimu, we sugua." Nikasugua. Maji ya kwanza yalitoka kama mchuzi, ya pili kama chai ya maziwa, ya tano ndiyo yakaanza kufanana na maji. Kisha msasa, mpaka mabega yakaanza kuongea. Kisha andakoti. Kisha mkono wa kwanza wa rangi, tukangoja ukauke, na kila jioni ziwa linatuletea unyevu ambao hakuna aliyeuagiza.

Tukiwa tunangoja nikasikia kwamba taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, pale Kihinga wanazalisha miche ya tenera, michikichi inayotoa mafuta mengi kuliko hii dura tuliyoachiwa na babu zetu. Nawapongeza sana. Wangetuambia na hayo mafuta ya ziada yatatua kwenye kabati la nani.

Mkono wa mwisho nikamwomba fundi aniachie nipake mwenyewe, kwa heshima. Nikapaka kila kitu, bila choyo, na bawaba humo humo.

Kesho yake mama mkwe akavuka kwa kivuko kutoka ng'ambo ya Malagarasi, na dumu la lita 5 kichwani. Akaingia jikoni, akasimama. "Mkwe, zahanati wamewapa kabati?" Nikamwamkia shikamoo kwa mara ya pili, sikuwa na jibu jingine. Akashika mlango atoe bakuli. Mlango ukakataa. Akavuta, ukalia kidogo, ukakataa tena. Akaziangalia bawaba zangu nyeupe, akaniangalia mimi, kisha akafungua dumu, akachovya kidole, akaipaka bawaba ya juu, akaipaka ya chini, taratibu, kama anayempaka kichanga utosini. Akavuta. Mlango ukafunguka bila neno.

Tone moja jekundu likaanza safari ya kushuka kwenye weupe. Mama mkwe akaliwahi kwa kiganja. Likawa kiganja.

Nje mama watoto alikuwa ameshapangusa kioo cha simu, analingoja jua lishuke kidogo apige picha ya kumrudishia mdogo wake.

"Baba, imekauka?"

"Bado," nikasema, mgongo nimeubandika mlangoni. "Msiingie kwanza."